Kamishna, Klabu na Orodha ya Adhabu: Mipaka ya Mamlaka katika Ligi za Marekani

Utangulizi

Kwa Mkenya wa kawaida, neno 'kamishna' huleta picha ya mtu wa serikali: kofia, bendera juu ya gari, askari wa kumfungulia lango. Tulilirithi kutoka enzi za ukoloni, na hadi leo kaunti zetu zina makamishna wao. Mwenye cheo hicho hupata nguvu zake katika sheria ya nchi. Ndiyo maana msomaji anayekutana na habari kwamba kamishna wa besiboli nchini Marekani ameitoza klabu fulani mamilioni ya dola huenda akadhani kwamba huyo naye ni mkono wa dola (tunakusudia dola ya utawala, si ile ya sarafu). Sivyo. Kamishna wa ligi ni mwajiriwa. Ameajiriwa na wamiliki wa klabu zilezile anazoziadhibu, na uwezo wote alio nao umo katika mkataba ambao wamiliki hao waliutia sahihi.

Makala haya yanakusudia kueleza uwezo huo unakomea wapi. Hoja yetu ni kwamba katika kuamua lipi ni kosa, kamishna ameachiwa uwanja mpana mno; lakini katika kuchagua adhabu, amefungwa na maneno ya mkataba. Tutatumia zaidi mifano ya besiboli, kwa kuwa mchezo huo ndio ulioanzisha cheo chenyewe, na kwa kuwa kesi iliyoweka mpaka huo waziwazi, ile ya mwaka 1977, ni kesi ya lugha kuliko ilivyo kesi ya michezo. Mwanafunzi wa semantiki atajiona nyumbani.

Asili ya mamlaka

Mnamo 1919 timu ya Chicago White Sox ilishindwa na Cincinnati Reds katika fainali ya besiboli, na baadaye ikabainika kwamba wachezaji 8 wa Chicago walihusishwa na njama ya kupokea fedha za wacheza kamari ili timu yao ishindwe. Wakati huo mchezo uliongozwa na tume ya watu 3, na mwenyekiti wake alikuwa rais wa klabu ya Cincinnati. Ni dhahiri kwamba tume ya aina hiyo haingeweza kuaminiwa kusafisha uchafu wa nyumba yake yenyewe. Wamiliki wakamwendea mtu wa nje, Jaji Kenesaw Mountain Landis wa mahakama ya serikali ya shirikisho mjini Chicago, wakampa kazi hiyo Novemba 1920.

Landis hakukubali bure. Mkataba uliotiwa sahihi Januari 1921 ulimpa mambo mawili makubwa. La kwanza, uwezo wa kuchunguza na kuadhibu tendo lolote ambalo yeye mwenyewe angeliona kuwa haliambatani na maslahi bora ya mchezo. La pili, klabu zote ziliahidi kwamba hazitamshtaki mahakamani zikichukizwa na uamuzi wake. Agosti 1921 baraza la wazee wa mahakama liliwaachilia wachezaji walioshtakiwa. Kesho yake Landis akawafungia wote 8 maisha. (Kwa wapenzi wa maana ya maneno: ilimlazimu kamishna wa leo, Rob Manfred, aamue Mei 2025, miaka 104 baadaye, kwamba kifungo cha 'maisha' hukoma aliyefungiwa anapofariki.)

Mwaka 1931 mahakama ilipoulizwa kama Landis alikuwa amepita kiasi katika mzozo uliohusu klabu ya St. Louis Browns, jaji alimfananisha na mtawala wa peke yake mwenye nia njema, na pia na baba mwenye nyumba wa Roma ya kale, ambaye neno lake halikupingwa na yeyote aliyekula chini ya paa lake. Wamiliki waliyavumilia hayo muda wote alipokuwa hai. Landis alipofariki mwaka 1944, waliharakisha kuupunguza mkataba: waliifuta ahadi ya kutokwenda mahakamani, na wakaongeza kwamba tendo linalofuata kanuni haliwezi kuhesabiwa kuwa kosa. Mwaka 1964 wakayarudisha yote mawili karibu kama yalivyokuwa. Mamlaka ya kamishna basi hupanda na kushuka kwa kalamu ya watu wale wale.

Finley: uwanja mpana

Juni 1976 Charlie Finley, mmiliki wa Oakland A's, aliwauza wachezaji wake 3 kwa mkupuo. Joe Rudi na Rollie Fingers walikwenda Boston kwa dola milioni 1 kila mmoja, na Vida Blue akaenda New York Yankees kwa dola milioni 1.5. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Uuzaji wa wachezaji ulikuwa jambo la kawaida tangu zamani. Hata hivyo, kamishna wa wakati huo, Bowie Kuhn, aliubatilisha uuzaji wote kwa hoja kwamba klabu iliyojimaliza namna hiyo na nyingine zilizonunua ubingwa kwa fedha zingeuharibu ushindani.

Finley alikwenda mahakamani akidai kwamba kamishna ana uwezo juu ya wavunjaji wa kanuni na watu waovu tu, na yeye hakuwa mmojawapo. Alishindwa mwaka 1977, akashindwa tena katika mahakama ya rufani mwaka 1978. Majaji walisema kwamba maneno 'maslahi bora ya mchezo' hayakuwekewa uzio huo na walioyaandika. Kuhusu ile ahadi ya kutoshtaki, walisema kwamba inashika, isipokuwa pale ambapo kamishna amekiuka sheria ya nchi au ameamua bila kufuata hata misingi ya chini ya haki, kama vile kumsikiliza anayehusika.

Jambo moja halina budi kutajwa, maana wengi huliruka: Kuhn hakumwadhibu Finley. Hakumtoza faini wala kumsimamisha. Alizuia tu biashara isikamilike. Tofauti hiyo kati ya kuzuia na kuadhibu ndiyo iliyokuja kuleta uamuzi mwingine kabisa huko Atlanta.

Kauli ya karamuni

Mwaka huo huo wa 1976 utaratibu mpya ulikuwa umeanza, ambapo mchezaji aliyemaliza mkataba wake angeweza kutafutwa na klabu nyingine. Lakini kabla ya siku maalumu mwezi Novemba, klabu hizo zilikatazwa kuzungumzia fedha za mchezaji ambaye bado alikuwa na mwajiri wake. Kuhn alituma maonyo ya kukumbusha hilo.

Mwezi Oktoba, wakati wa fainali, palikuwa na karamu mjini New York. Ted Turner, mmiliki wa Atlanta Braves, alikutana na Bob Lurie, mmiliki wa San Francisco Giants, ambaye mchezaji wake Gary Matthews alikuwa anakaribia kuwa huru. Waandishi wa habari wakiwapo na kusikia, Turner alimwambia Lurie kwamba angefanya lolote ili ampate Matthews, na kwamba angepanda bei hadi ambapo ingebidi. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Wale waliosoma nadharia ya vitendo-usemi ya J. L. Austin wataliona tatizo mara moja. Kwa sura ya nje, Turner alikuwa akijigamba mbele ya mwenzake. Matthews hakuwapo, wala hakuna aliyemwahidi chochote. Lakini kauli iliyotamkwa mbele ya waandishi wa habari haimfikii yule tu aliyeelekezewa uso. Ingeweza kumfikia Matthews pia, na ikimfikia haiwi majigambo tena. Inakuwa ahadi ya fedha, yaani lile hasa lililokatazwa. Giants walilalamika. Novemba, Matthews alijiunga na Atlanta.

Kuhn alitoa adhabu mbili. Turner alisimamishwa mwaka mmoja asijihusishe na klabu yake. Aidha, klabu ya Atlanta ilinyang'anywa zamu yake ya kwanza katika uteuzi wa vijana wa Juni 1977. Kwa msomaji asiyeufahamu uteuzi huo: kila mwaka klabu hupokezana zamu za kuchagua vijana kutoka shule na vyuo, na kijana aliyechaguliwa na klabu moja hawezi kusajiliwa na nyingine. Klabu zilizofanya vibaya huchagua mapema. Atlanta ilikuwa imefanya vibaya sana, hivyo zamu yake ilikuwa ya 4, karibu na mlango wa hazina.

Turner alishtaki katika mahakama ya shirikisho huko Georgia. Mei 1977 Jaji Newell Edenfield alitoa uamuzi ulioukata mzozo vipande viwili. Kwamba Turner alikosa, jaji alikataa kuliingilia. Hilo lilikuwa la kamishna kuamua. Kwamba Turner asimamishwe, hilo pia lilisimama. Lakini kunyang'anywa zamu ya uteuzi kulibatilishwa, kwa sababu adhabu hiyo haikuwamo katika orodha.

Orodha na neno 'kujumuisha'

Orodha yenyewe ilikuwa fupi. Mkataba ulisema kwamba tendo lisilo la maslahi bora likigunduliwa, hatua ya kamishna yaweza kujumuisha moja au zaidi kati ya hizi: kukemea, kuinyima klabu uwakilishi katika mikutano ya pamoja, kumsimamisha au kumwondoa ofisa au mfanyakazi wa klabu, kumzuia mchezaji kwa muda au daima, na faini isiyozidi dola 5,000 kwa klabu au dola 500 kwa mtu binafsi.

Upande wa kamishna ulikuwa na hoja ambayo mwanaisimu hawezi kuipuuza. Kitenzi 'kujumuisha' hakifungi mlango. Nikisema kwamba kaunti za pwani zinajumuisha Lamu na Kilifi, sijasema kwamba Kwale haimo. Orodha inayoanza kwa kitenzi hicho ni ya mifano, na iliyoachwa wazi yaweza kuongezwa. Sisi Wakenya tuna ushahidi wa karibu kwamba jambo hili huwasumbua waandishi wa sheria: Katiba ya 2010, katika Ibara ya 259, imechukua taabu ya kueleza kwamba neno hilo linapotumiwa humo maana yake ni kujumuisha bila kujifunga kwa yaliyotajwa. Kama maana hiyo ingekuwa wazi kwa kila mtu, ibara hiyo isingehitajika. Mkataba wa besiboli haukuwa na maelezo ya namna hiyo.

Kwa maoni yetu jaji aliisoma orodha vizuri zaidi, na sababu tunaiona katika kile kipengele cha mwisho. Chukua mfano wa dukani. Mama anamtuma mtoto na kumwambia, "Waweza kununua sukari, majani ya chai, na peremende zisizozidi shilingi 10." Mtoto anarudi na chupa ya soda ya shilingi 50, akijitetea kwamba soda haikukatazwa. Hakuna mama atakayekubali utetezi huo. Kule kuweka kikomo cha shilingi 10 kwa peremende kunaonyesha kwamba aliyetoa agizo alikuwa amekwisha kupima ni kiasi gani cha fedha zake kitumiwe kwa anasa. Vivyo hivyo, wamiliki walioandika kwamba faini isizidi dola 5,000 walikuwa wamepima ni kiasi gani klabu iumie mfukoni. Zamu ya 4 katika uteuzi ina thamani inayopita dola 5,000 mara nyingi. Kamishna akiruhusiwa kuichukua, kikomo cha faini kinageuka kuwa mapambo.

Edenfield aliongeza jambo ambalo lilikuja kuwa muhimu kuliko uamuzi wenyewe. Alisema kwamba kama kamishna anahitaji uwezo usio na mipaka wa kuadhibu ili akabiliane na hali mpya, basi mkataba ubadilishwe, useme hivyo waziwazi.

Atlanta walirudishiwa zamu yao. Milwaukee, waliokuwa na zamu ya 3, walimchagua Paul Molitor, ambaye baadaye aliingizwa katika jumba la mashujaa wa besiboli. Atlanta, wa 4, walimchukua kijana mrushaji mpira ambaye hakuwahi kufika ligi kuu. Haki iliyopiganiwa ilikuwa haki ya kujaribu bahati.

Mkataba unaandikwa upya

Wamiliki walimsikia jaji. Katika katiba ya besiboli ya miaka ya 2000, orodha ilikuwa imerefuka. Sasa ilitaja bayana kwamba kamishna aweza kuinyima klabu zamu ya uteuzi au kuihamishia kwa klabu nyingine, na ikamalizia kwa kipengele cha jumla kinachomruhusu kuchukua hatua nyingine yoyote anayoona inafaa. Matokeo yalionekana mwaka 2017, ilipogunduliwa kwamba Atlanta Braves, klabu ile ile, walikuwa wamekiuka kanuni za kusajili vijana kutoka nchi za nje. Kamishna Manfred aliwaachilia huru vijana wengi waliosajiliwa hivyo, akaichukua pia zamu ya klabu hiyo katika duru ya tatu ya uteuzi wa 2018. Safari hii klabu iliipokea adhabu.

Je, kipengele hicho cha jumla kimeufuta mpaka wote? La. Januari 2020 Manfred aliiadhibu Houston Astros, iliyopatikana na hatia ya kutumia kamera kuiba ishara za wapinzani katika msimu wa 2017, mwaka iliotwaa ubingwa. Alichukua zamu zake za duru ya kwanza na ya pili kwa miaka ya 2020 na 2021, akamsimamisha meneja mkuu na kocha mwaka mmoja kila mmoja, na akatoza faini ya dola milioni 5. Kiasi hicho hakikuchaguliwa kwa kupima uzito wa kosa. Ndicho kilikuwa kikomo cha juu kabisa ambacho katiba iliruhusu. Kwa klabu yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1, milioni 5 ni sawa na mshahara wa mchezaji mmoja wa kadiri. Kamishna aliyekuwa na ruhusa ya kufanya 'lolote linalofaa' hakuthubutu kuzidisha hata dola moja, kwa kuwa ya jumla hayaishindi namba iliyotajwa.

Ubingwa wa 2017 haukufutwa. Mashabiki wengi walikasirika, na hasira yao inaeleweka. Lakini adhabu ya kufuta matokeo haikutajwa katika orodha, na kuitafutia nafasi chini ya kile kipengele cha mwisho kungerudisha mzozo wa Atlanta wa 1977 ukiwa na sura mpya.

Hapa yafaa kumtofautisha mchezaji na klabu. Katika futiboli ya Kimarekani, New England Patriots walituhumiwa kutumia mipira iliyopunguzwa upepo katika mechi ya Januari 2015. Kamishna Roger Goodell aliitoza klabu dola milioni 1 na kuchukua zamu 2 za uteuzi. Mchezaji Tom Brady alifungiwa mechi 4. Mmiliki wa klabu aliikubali adhabu ndani ya wiki mbili hata bila kukata rufani. Brady alipigana: jaji wa New York aliifuta adhabu yake Septemba 2015, mahakama ya rufani ikairejesha Aprili 2016. Mchezaji ana chama chake cha wafanyakazi na mkataba wa pamoja unaompa mahali pa kulalamikia. Klabu haina ila sahihi yake yenyewe.

Waajiri wa kamishna

Kuna mpaka mwingine ambao hauko katika orodha yoyote, nao ni kwamba wanaoadhibiwa ndio walipaji mshahara. Aprili 2014 kamishna wa mpira wa vikapu, Adam Silver, alimfungia maisha Donald Sterling, mmiliki wa Los Angeles Clippers, kwa matamshi ya ubaguzi wa rangi yaliyonaswa katika kinasa sauti, akamtoza dola milioni 2.5, ambazo hapo pia zilikuwa kikomo. Lakini kumpokonya klabu hakukuwa ndani ya uwezo wake. Hilo lilihitaji kura za robo tatu ya wamiliki wenzake. Silver aliweza kuwaomba tu. Klabu iliuzwa kwa dola bilioni 2 kabla kura haijapigwa.

Fay Vincent, kamishna wa besiboli, alilijua hili kwa uchungu zaidi. Julai 1992 aliamuru klabu kadhaa zihamishwe kutoka kundi la mashariki kwenda la magharibi na kinyume chake, kwa maslahi bora ya mchezo. Chicago Cubs walipinga, kwa sababu katiba ya ligi yao iliwapa haki ya kutohamishwa bila ridhaa yao. Jaji wa Chicago aliizuia amri ya kamishna kwa muda, akisema kwamba uwezo wa jumla haufuti haki ambayo klabu imepewa mahususi. Kesi haikufika mwisho. Septemba 1992 wamiliki walipiga kura ya kutokuwa na imani na Vincent, 18 dhidi ya 9, naye akajiuzulu siku chache baadaye. Nafasi yake ilishikwa kwa muda na Bud Selig, ambaye wakati huo alikuwa mmiliki wa Milwaukee Brewers, na 'muda' huo ukaendelea hadi 1998, alipochaguliwa kuwa kamishna kamili.